Jinsi ya kujenga banda la mashua ufukweni na kulitumia vizuri

Msimu wa kaskazi, saa saba mchana, pita ufukweni ukaweke kiganja kwenye ubavu wa mashua iliyokwezwa nchi kavu bila kivuli, utakitoa haraka sana. Sasa ule ubao unashinda hapo siku nzima, nje unakauka, na huku ndani chini kabisa, ngamani, kuna maji ya mvua ya wiki iliyopita hayajatolewa, yani ubao mmoja upande huu unapasuka na upande ule unaoza. Halafu mwenye chombo anakuja kulalamika kwamba fundi alimpa mbao mbovu. Mbao hazikuwa mbovu ndugu yangu, umezikosesha kivuli.

Mimi niko huku pwani ya Pangani, nina mashua ya futi 24 na nimeshajenga mabanda mawili, la kwanza likaniharibia chombo na la pili ndo hili ninalolitumia mpaka leo. Naandika kwa ajili ya mtu mwenye mashua, dau dogo au ngalawa anayetaka sehemu ya kukiweka chombo, kukitengeneza na kutunza vifaa vyake. Siongelei yale mabanda makubwa ya mahoteli, naongelea banda la mvuvi, la nguzo na makuti, unaloweza kulisimamisha na vijana wanne.

Lile la kwanza nililijenga kwa kufikiri kama mtu anayejenga stoo ya mahindi. Nikaezeka bati, nikazungusha mabati pande zote hadi chini, nikatia na kufuli, nikaona sasa chombo kiko salama. Miezi mitano baadaye nafungua, harufu tu ilinipa habari. Joto la bati mchana, unyevu usiku, hewa haipiti, ukungu mweupe umetanda kwenye mataruma, yani mbavu za ndani, na ubao wa chini karibu na tezi, kule nyuma, ukawa laini, kisu kinaingia. Babu mmoja fundi aliyenifundisha mengi alikuja akatazama akaniambia neno moja tu, chombo kinataka kivuli na upepo, wewe umekipa kivuli peke yake. Kila kitu nitakachosema hapa chini kinatokana na hilo, kwa hiyo ukiwa na swali ambalo sijaligusa, jiulize kwanza je hii itazuia upepo?

Mahali pa kujenga

Usijenge siku uliyopata hela. Subiri uone maji kwanza. Huku kwetu tofauti ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua, yani siku za maji makuu, inapita mita 3, na bamvua zenyewe hazilingani, zile za mwezi Machi na Aprili na zile za Septemba na Oktoba ndo zinapanda juu kuliko zote. Kwa hiyo ukichukua alama ya maji mwezi Juni ukajenga hapo juu kidogo, Septemba utakuta magogo yako yanaelea. Tembea ufukweni baada ya bamvua kubwa, utaona mstari wa majani ya baharini, vijiti na chupa za plastiki vilivyoachwa na maji, huo ndo mstari wako. Halafu ongeza juu yake, maana siku za kusi, ule upepo wa kusini, likivuma kwa nguvu mawimbi yanapanda zaidi ya pale maji yenyewe yalipofika. Waulize na wazee wa hapo, wanakumbuka mwaka gani maji yalifika kwenye mnazi upi.

Angalia pia kama ufukwe unaliwa. Ukiona mizizi ya minazi iko nje inaning'inia, hapo mchanga unaondoka kila mwaka, tafuta sehemu nyingine hata kama ni mbali na nyumbani.

Upande wa sheria, usipuuze. Kwa Tanzania bara Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye fukwe za bahari na maziwa. Ndo maana mimi nasisitiza banda jepesi, la nguzo za kuchimbia na makuti, linaloweza kung'olewa, hakuna zege wala ukuta wa tofali. Na hata hilo jepesi nenda kwanza serikali ya kijiji na kwa wenzako wa BMU, ule umoja wa wavuvi wa kusimamia ufukwe, wakuonyeshe eneo la kukwezea vyombo, usije ukajenga katikati ya njia ya watu ya kushukia diko, pale vyombo vinapofikia. Zanzibar na Kenya wana taratibu zao, ulizia hukohuko. Na kama ufukwe wenu kasa wanapanda kutaga, kama ilivyo Ushongo hapa jirani, acha nafasi ya wazi, usiburuze chombo juu ya sehemu zenye viota na usiwashe taa kali usiku kuelekea baharini, vile vitoto vikitoka vinafuata mwanga.

Watu wengi huwa wanauliza, si niweke tu chini ya mti wa mkungu? Mkungu ni kivuli kizuri kweli na mababu wametengeneza vyombo chini yake miaka yote, mafundi wengi mpaka leo wanafanya hivohivo. Kwa kazi ya wiki mbili tatu ni sawa kabisa. Ila ukiacha chombo miezi, majani yanaanguka ndani, yanaziba zile njia za maji chini ya mataruma, mvua ikija maji hayatoki, na hapo ndo kuoza kunapoanzia. Ukitumia mti basi fagia ndani ya chombo kila baada ya siku mbili.

Ukubwa

Pima chombo, usikisie. Urefu ongeza futi 5 mbele na futi 5 nyuma. Upana uache futi 4 au 5 kila ubavu, maana fundi anahitaji kurudisha mkono nyuma akipiga nyundo, na ukibana hapo kila kazi itabidi utoe chombo nje. Mashua yangu ina futi 24 kwa 7, banda lina futi 34 kwa 16. Mlingoti unang'olewa kabla ya kuingia kwa hiyo usijisumbue na urefu wa mlingoti, lakini omo, yani pua ya mbele, inakuwa juu kuliko unavyodhani ukishaweka chombo kwenye magogo, mlango wangu una futi 9 na bado nainamisha kichwa nikiwa nimesimama juu ya fordeki, sakafu ya mbele.

Ngalawa ni habari nyingine. Ile mirengu, miti ya pembeni inayoizuia isipinduke, inakula upana sana. Ama ufungue kamba uitoe kila unapoingiza, kazi ya nusu saa kwa wanaojua, ama ujenge banda pana na fupi. Mimi ningefungua tu, hata kamba zenyewe zinapata nafasi ya kukaguliwa.

Nguzo

Zamani jibu lilikuwa moja, boriti za mikoko, na kwa kweli hakuna mti unaovumilia chumvi na mchwa kama ule. Lakini mikoko inalindwa, kuikata kunahitaji kibali cha watu wa misitu, na sisi wavuvi tunajua kambamiti na samaki wachanga wanakulia wapi, ukikata mkoko unajikatia kitoweo chako mwenyewe. Tumia mvinje, unapandwa na unakua haraka, au mkaratusi uliotiwa dawa. Mvinje una udhaifu wa kuliwa chini ardhini, kwa hiyo ile futi 4 inayozama mchangani uichome juujuu kwa moto mpaka iwe nyeusi, uipake lami, iache ikauke kabisa ndo uchimbie. Kuna watu wanapaka oili chafu ya injini, mimi siafiki, mvua inaiosha inaingia mchangani na mwisho wake iko majini.

Chimba kwenda chini futi 4, mchanga haushiki kama udongo. Weka nguzo 4 kila upande kwa banda la futi 34, za kona ziwe nene zaidi. Viungo vya juu mimi nafunga kwa kamba kisha natia bolti zile zilizopakwa zinki sehemu zenye uzito. Misumari ya kawaida sahau, chumvi inaila ndani ya miaka miwili na siku inakatika hujui. Kamba ya usumba wa nazi ni nzuri kwa kuwa ikilowa inabana, ila inahitaji kubadilishwa, kamba ya nailoni inakaa muda mrefu kama haipigwi na jua moja kwa moja.

Tangu Kimbunga Hidaya kipite mwezi Mei 2024 na kuipiga Mafia na pwani yetu, nimeongeza kitu kimoja ambacho zamani nilikiona si cha lazima. Kila kona nimefukia gogo chini mchangani kama futi 4, limelala, kamba imelizunguka inapanda mpaka kwenye pau la juu la paa. Paa la makuti upepo haulisukumi tu, unalinyanyua kwa chini, na ile kamba ndo inalishika. Si kazi kubwa, ni siku moja ya kuchimba.

Paa

Makuti ya viungo, yale yaliyoshonwa kwenye ufito, si ya kumba. Ya kumba ni ya ukuta. Mwinuko uwe mkali, nyuzi 45 au zaidi, paa likilala maji yanakaa ndani ya makuti na yanaoza mapema. Funga mstari kwa mstari kuanzia chini kupanda juu, umbali kati ya mstari na mstari inchi 4, fundi akitaka kukupunja atakwenda inchi 6 au 7 na wewe kwa chini huwezi kuona tofauti siku hiyo, utaiona masika. Kwa hiyo panda mwenyewe na rula. Makuti yakifungwa vizuri yanakupa miaka 4 hadi 5, na kila mwaka mwezi wa pili, kabla ya masika, unakagua kichwa cha paa maana pale juu ndo panapovuja kwanza.

Bati sikatai moja kwa moja. Kama huna makuti au bima ya moto inakusumbua, weka bati lakini liwe juu sana, acha nafasi ya upepo kutoka kwenye kichwa cha paa, na usifunge pande. Na ujue litapata kutu haraka.

Ukuta mimi nimeweka upande wa kusini tu na kipande cha mashariki, makuti ya kumba, na yanaishia futi moja na nusu kutoka chini. Hapo kusi likileta mvua ya ubavuni inazuiliwa, na upepo bado unapita chini. Pande nyingine wazi. Mtu ataniuliza, na wezi je? Mwizi haibi mashua kutoka kwenye banda, anaiba injini, nyavu na taa. Hivyo jengea kichumba kidogo cha mbao kwenye kona, chenye matundu ya hewa juu, hicho ndo kitiwe kufuli.

Sakafu na namna ya kukilaza chombo

Acha mchanga. Simenti inakausha hewa ya chini, inachubua mkuku, yani mti mkuu wa chini ya chombo, na kila tone la oili linabaki linateleza. Mchanga unaunyunyizia maji ya bahari unatoa ubaridi wa chini kwa chini.

Uzito wote wa chombo unakaa kwenye mkuku, hili lisikuchanganye. Panga magogo chini ya mkuku kila futi 4, yote yalingane, tumia kamba iliyovutwa kupima. Gogo moja likiwa juu kuliko mengine, mkuku unapinda taratibu na siku ukishua mashua, yani kuirudisha majini, inavuja sehemu ambazo hazijawahi kuvuja. Magadi ya ubavuni, yani miti ya kuegemezea chombo, ni ya kuzuia kisilale tu, hayabebi uzito, na yaegemee kwenye ubao pale ambapo ndani kuna taruma, ukiegemeza katikati ya taruma na taruma unausukuma ubao uingie ndani. Gonga kwa kidole usikie, penye taruma sauti ni nzito. Chini ya gadi weka kibao ili lisizame mchangani.

Omo iwe juu kidogo kuliko tezi, inchi 3 zinatosha, maji yote yatakimbilia tezini ulipo mlango wa kizibo, na kizibo chenyewe kitoe, kitundike kwa kamba kwenye usukani ili usije ukakisahau.

Halafu kuna hili ambalo watu hawalielewi mpaka nirudie mara tatu. Chombo cha mbao kikikaa pakavu zaidi ya wiki mbili kinaanza kusinyaa, na pamba ya kalafati, ile inayoziba mishono ya mbao, inalegea. Kwa hiyo kila jioni jua likipungua mwagia maji ya BAHARI ndani, ndoo mbili tatu, na tandaza magunia yaliyolowa kando ya mkuku. Siyo maji ya kisima. Maji ya chumvi yanazuia ule ukungu unaoozesha mbao, maji ya mvua na ya kisima ndo yanayoukaribisha, na ndo maana unaweza kukuta chombo kimekaa baharini miaka ishirini kiko imara chini na kimeoza juu pale tu mvua inapotuama. Ukirudi asubuhi ukakuta yale maji yametoka yote, vizuri, ndo inavyotakiwa.

Wenye boti za fiba wao ni rahisi zaidi. Hazitaki maji, zinataka kivuli tu maana jua linakula ile ngozi ya juu mpaka inatoa unga mweupe, na zinahitaji kuegemezwa sehemu pana, siyo gadi lenye ncha.

Na kama uko ziwani, kwenye mialo ya Victoria au kule Tanganyika, mengi ya hapa yanakufaa isipokuwa mambo ya bamvua. Huko maji hayapwi na kujaa kila siku lakini kina kinabadilika kwa misimu na miaka, mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda likaingia kwenye nyumba za watu, kwa hiyo jenga mbali zaidi na kandokando kuliko unavyofikiria.

Kukweza

Panga siku, usikweze kwa hasira. Bamvua inakuja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, na huku kwetu maji makuu yanajaa mida ya saa 10 mpaka 11, alfajiri na jioni. Ya jioni ndo nzuri, kuna mwanga na vijana wako. Toa kila kitu ndani kwanza, nanga, mawe ya farumi yanayokipa chombo uzito, tanga, injini, mpaka chombo kibaki kitupu. Kiache kielee mpaka maji yafike mwisho wake, pale ambapo bahari yenyewe imekubebea nusu ya kazi, ndo mnatia magogo ya mnazi chini ya mkuku na kuvuta. Magogo paka shahamu, yani mafuta ya mnyama, au mafuta ya nazi yaliyoharibika. Mtu mmoja tu atoe sauti, wengine wote waitikie, mkivuta kila mtu na wakati wake chombo kinakaa palepale na mtu anaumia mgongo. Mbele weka kapi, kamba ifungwe kwenye lile gogo ulilofukia, usifunge kwenye nguzo ya banda hata siku moja! Niliona banda la jirani likivutwa likaifuata mashua badala ya mashua kulifuata banda.

Watoto wakae mbali na gogo la nyuma. Gogo linalotoka nyuma linatoka kwa kasi na chombo kinaweza kurudi.

Kuchoma na kupaka

Hapa nataka usome pole pole. Kuchoma chombo, yani kupitisha moto wa makuti makavu chini ya ubao ili kuua wale wadudu wanaotoboa mbao na kukausha majani na chaza waliong'ang'ania, ni kazi inayofanyika NJE ya banda. Iwe chini mchangani, maji yakiwa yamepwa, na banda liwe upande upepo unakotoka siyo unakoelekea. Banda la makuti halina nafasi ya pili na moto, cheche moja na ndani ya dakika chache mmepoteza banda, chombo, na la jirani. Weka ndoo za maji na mchanga karibu kabla hujawasha kiberiti. Moto wenyewe unapita haraka, unausogeza kama unampitishia mtu kofia usoni, ukiona mbao inatoa jasho umetosha, songa mbele. Ukikaa sehemu moja unachoma kalafati.

Baada ya hapo ndo unaingiza bandani. Kwangua, kagua kila tundu kwa kijiti cha ufagio, tundu dogo la nje linaweza kuwa na njia ndefu ndani. Palipolegea toa pamba ya zamani yote usipachike mpya juu yake, sokota pamba mpya, ichovye kwenye mafuta ya nazi au ya ufuta, piga taratibu kwa patasi butu mpaka sauti ibadilike iwe kavu. Kisha shahamu iliyopondwa na chokaa chini ya mstari wa maji, tabaka nene kwa mkono, maana ndo inayowachosha wale wadudu kuingia. Juu ya mstari wa maji paka rangi yako unayoipenda. Kazi hii ukiifanya kivulini shahamu haiyeyuki kabla haijashika, na wewe unaweza kufanya kazi saa sita mchana, kitu ambacho bila banda huwezi.

Matumizi mengine

Banda likishasimama utashangaa chombo ndo kinachukua sehemu ndogo. Juu kwenye mapau tundika fito za kuanikia nyavu, nailoni inaharibiwa na jua kuliko na samaki, na ukiitundika ikiwa imeoshwa na kukauka panya hawaifuati sana. Madema ya kutegea samaki yanaweza kuning'inia hapohapo. Tanga usilikunje likiwa na unyevu, litundike kwenye foromali lake, ule mti linaofungwa, kati ya nguzo mbili siku nzima ndo ulikunje, tanga lenye unyevu linaota madoa meusi na mshono wake unakatika kwa upepo mdogo tu.

Injini isimamishwe kwenye stendi yake, wima, usiilaze. Ioshe kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, kwa kuiendesha ndani ya pipa dakika kadhaa, kisha chomoa mpira wa petroli uiache iungurume mpaka izime yenyewe ili kabureta libaki tupu. Petroli isilale ndani ya banda, hili nalo linaenda na yale ya moto. Madumu yakae kwenye kibanda kidogo cha peke yake hatua ishirini hivi kutoka hapo, chenye kivuli.

Na pembeni weka benchi refu. Mimi mwanzo nililiona ni anasa, sasa naona ndo sehemu yenye faida kuliko zote. Wazee wanakaa wanashona nyavu, vijana wanaangalia, na kijana aliyeangalia mwaka mzima anashika tezo siku moja unakuta anajua. Kina mama wachuuzi wanasubiri vyombo hapo badala ya kukaa juani, na samaki wanapimwa kivulini. Nimetundika kipande cha ubao mweusi na chaki, kila anayekwenda baharini anaandika jina la chombo, watu wangapi, anaelekea wapi, na anategemea kurudi lini. Karibu nacho zinaning'inia laifu jaketi, kila mtu anaziona akipita, hakuna wa kusema nilisahau. Siku chombo kimoja kilichelewa kurudi mwezi wa saba, kusi limechacha, ule ubao ndo uliotuambia kuna watu wanne na walielekea kisiwa cha Maziwe, tukajua pa kuwafuata.

Kama mko wavuvi watatu au wanne jengeni banda moja kwa pamoja, mpishane kukweza, maana hakuna chombo kinachokaa bandani mwaka mzima. Kubalianeni mapema nani anabadilisha makuti na nani anakaa na ufunguo wa kichumba, muandike na BMU wawe na nakala, maana ugomvi wa mabanda ya shirika niliouona wote ulianza kwenye makuti.

Kushua

Siku tatu kabla ya bamvua anza kumwagia maji asubuhi na jioni mpaka uone mishono inabana. Rudisha kizibo, kipige kwa mkono wa nyundo, mwingine aangalie kwa nje. Paka magogo mafuta, toa magadi mawili mawili, kushoto na kulia kwa pamoja. Shusha chombo maji yakiwa bado yanajaa, kifunge nanga mahali pa maji ya kiunoni na usikipakie kitu siku hiyo. Kitavuja, usiogope, mbao zinakunywa maji. Lala nacho au weka kijana wa kukumba maji kwa kata usiku mzima, kesho yake mchana kitakuwa kimeshajifunga, na kama bado kuna mshono unatoa maji, utie alama kwa chaki kwa ndani ili ujue pa kuanzia ukikikweza tena.

Kisha rudi bandani hiyohiyo siku. Yale magadi na magogo yabebe juu ya mstari wa maji uyafunge kwa kamba moja kwenye nguzo ya kona, bamvua ya usiku ikiyakuta chini yataondoka nayo.